Peter Scholl-Latour: Mwanahabari Mjerumani aliyeishuhudia Kongo ikisambaratika

Kwa zaidi ya nusu karne, Wajerumani walioketi mbele ya runinga zao jioni kutaka kujua kilichojiri Kinshasa, Saigon, Tehran au Kabul walimtegemea sana mtu mmoja kuwafafanulia. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na mara nyingi aliyameza maneno yake kabla hayajamfikia msikilizaji. Hata hivyo, watu waliongeza sauti ya runinga wakamsikiliza. Mtu huyo alikuwa Peter Scholl-Latour, mwanahabari aliyefariki Agosti 16, 2014, akiwa na umri wa miaka 90.

Alisifiwa kwa jambo moja kubwa: alikwenda mwenyewe. Mahali ambapo wengine walitoa maoni wakiwa ofisini, yeye alikuwa amevuka mto, amelala kwenye mahandaki na kuzungumza na makamanda wa pande zote mbili. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyozua mjadala ambao haukukoma hata alipozeeka. Je, kuyaona mambo kwa macho ni sawa na kuyaelewa? Na je, ni nani mwenye haki ya kuwaeleza watu wa Ulaya maisha ya watu wa Afrika na Asia?

UTOTO CHINI YA WANAZI

Scholl-Latour alizaliwa Machi 9, 1924, katika mji wa Bochum, eneo la migodi ya makaa ya mawe magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alitoka Alsace, jimbo la mpakani ambalo Ujerumani na Ufaransa zimelinyang'anyana mara kadhaa, na asili yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mtoto mwenyewe alibatizwa katika Kanisa Katoliki.

Ubatizo huo haukumfaa kitu mbele ya serikali ya Adolf Hitler. Sheria za ubaguzi zilizotangazwa Nuremberg mwaka 1935 ziliwapima watu kwa damu ya wazazi na mababu wao, na kwa kipimo hicho kijana huyo aliandikwa kuwa nusu Myahudi. Mjomba wake, ambaye pia alikuwa daktari, alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1941.

Wazazi wake walimpeleka mtoto wao Uswisi mwaka 1936 kusoma katika shule ya bweni ya Kikatoliki mjini Fribourg, na hapo ndipo Kifaransa kilipokuwa lugha yake ya pili. Vita vilipoanza ikawa muhali kutuma karo nje ya Ujerumani, akalazimika kurudi. Alimalizia masomo ya sekondari mjini Kassel mwaka 1943.

Vita vilipokaribia kwisha alijaribu kuvuka mpaka ili ajiunge na majeshi ya Ufaransa, lakini akashindwa. Mwaka 1945 akajaribu tena, safari hii akiwafuata wapiganaji wa msituni wa Josip Broz Tito nchini Yugoslavia. Alikamatwa njiani, akawa mfungwa wa polisi wa siri wa Wanazi, na akahamishwa kutoka jela moja hadi nyingine katika miji ya Graz, Vienna na Prague. Humo aliugua homa kali inayoenezwa na chawa, nusura imuue.

Hivyo, mtu aliyekuja kuripoti kuhusu wafungwa, wakimbizi na watu wanaowindwa kwa sababu ya asili yao hakuwa mgeni wa mambo hayo.

ASKARI, MSOMI, KISHA MWANAHABARI

Mara baada ya vita alijiunga na kikosi cha askari wa miamvuli wa Ufaransa na kupelekwa Indochina, eneo ambalo leo ni Vietnam, Laos na Kambodia. Ufaransa ilikuwa ikijaribu kuirejesha himaya yake huku vuguvugu la Ho Chi Minh likipigania uhuru. Kijana aliyekuwa ameteswa na utawala wa mabavu akajikuta amevaa sare ya jeshi la mkoloni. Kitendawili hicho kilimwandama maishani, na wakosoaji wake hawakuacha kumkumbusha.

Aliporejea alianza kuandika katika gazeti la Saarbrücker Zeitung, kwenye jimbo la Saar lililokuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, huku akiendelea na masomo Mainz na Paris. Mwaka 1954 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Katika mwaka huo na uliofuata alikuwa msemaji wa serikali ya Saar, hadi wakazi wa jimbo hilo walipoukataa mpango wa kujitawala katika kura ya maoni ya Oktoba 1955, hatua iliyolifungulia njia ya kurudi Ujerumani.

Kazi hiyo ilipokwisha, hakukimbilia ofisi nyingine ya serikali. Alikwenda Beirut, Lebanon, na kati ya mwaka 1956 na 1958 akasomea Kiarabu na masuala ya Uislamu. Wakati huo wanahabari wachache mno wa Ulaya walikuwa na elimu ya namna hiyo, na iliwachukua wahariri wengi miaka 20 kutambua kwamba walihitaji mtu aliyeipata.

KONGO, 1960

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Ujerumani Magharibi ilikuwa na idhaa moja tu ya runinga, ARD, muungano wa mashirika ya utangazaji ya majimbo, uliobuniwa mwaka 1950 ili serikali ya taifa isiweze tena kuvihodhi vyombo vya habari kama walivyofanya Wanazi. ARD ilihitaji mtu wa kukaa barani Afrika. Ikamchagua Scholl-Latour, aliyekijua Kifaransa kama mwenyeji.

Kuanzia mwaka huo hadi 1963 alifanya kazi akiwa Brazzaville na Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Miji hiyo miwili inatazamana kwenye kingo za Mto Kongo, na aliyetaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine alipanda kivuko. Kwa mwanahabari hilo lilikuwa jambo la maana. Léopoldville ilipochafuka, bado ng'ambo kulikuwa na mahali pa kutumia taarifa zake.

Na Léopoldville ilichafuka upesi. Kongo ilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji Juni 30, 1960, ikiwa na Wakongo wasiozidi 30 waliohitimu chuo kikuu. Jeshi lake halikuwa na afisa hata mmoja Mwafrika. Siku tano baadaye wanajeshi waliasi. Julai 11, Moise Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga, lenye utajiri mkubwa wa shaba, limejitenga, huku akiungwa mkono na Wabelgiji waliokuwa na maslahi katika migodi. Maelfu ya Wazungu walitoroka nchi hiyo, baadhi yao wakipitia Uganda hadi Kenya, ambako masimulizi yao yaliwatia kiwewe walowezi waliokuwa wakiusubiri uhuru wa Kenya kwa wasiwasi.

Waziri Mkuu, Patrice Lumumba, ambaye aliwahi kuwa karani wa posta mjini Stanleyville (Kisangani ya leo), mji ambao Kiswahili kilikuwa kikizungumzwa sokoni na mitaani, aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Septemba aliondolewa madarakani, na Kanali Joseph Mobutu akatwaa mamlaka. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa kwa kupigwa risasi huko Katanga, mbele ya maafisa wa Katanga na Wabelgiji. Septemba mwaka huohuo, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola akiwa katika juhudi za kuutatua mgogoro huo. Katanga ilirejeshwa kwa nguvu mapema mwaka 1963.

Hayo ndiyo Scholl-Latour aliyoyaripoti. Vijana waliozoea kutuma picha kwa simu ya mkononi hawana budi kukumbuka jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Kamera zilitumia filamu ya kemikali iliyopaswa kusafishwa maabara. Mpigapicha alimaliza mkanda, ukafungwa katika kopo, na mwanahabari akaanza kutafuta ndege ya kwenda Ulaya na rubani au abiria ambaye angekubali kuubeba. Aliyetuma filamu hakuwa ameiona. Alituma na maelezo ya maandishi, akitumai kwamba yangelingana na picha zitakapofunguliwa. Siku kadhaa zingepita kabla ya mtazamaji kuiona habari, na huenda serikali iliyotajwa ndani yake ilikuwa tayari imepinduliwa.

Kucheleweshwa huko kulikuwa na faida yake. Kwa kuwa hakuweza kushindana na redio kwa kasi, mwanahabari wa runinga alilazimika kueleza chanzo cha mambo. Makala ndefu zikawa ndiyo mtindo wa Scholl-Latour, na hakuuacha hata setilaiti na kanda za video zilipoifanya dunia kuwa ndogo.

PARIS NA VIETNAM

Mwaka 1963 ARD ilimtuma Paris kuanzisha kituo chake, akakiongoza hadi 1969. Ilikuwa enzi ya Rais Charles de Gaulle, kiongozi aliyemhusudu waziwazi. Baadaye alikuwa mkurugenzi wa vipindi vya runinga katika shirika la WDR mjini Cologne, lakini meza ya mkurugenzi haikumkalisha. Mwaka 1971 alihamia ZDF, idhaa ya pili ya taifa iliyokuwa hewani tangu Aprili 1963, akiwa mwanahabari wake mkuu.

Ni ZDF iliyomrudisha Vietnam, alikokuwa ameishika bunduki miaka 27 kabla. Mnamo Agosti 1973, miezi michache baada ya wanajeshi wa Marekani kuondoka, yeye na wenzake waliobeba kamera walitekwa na wapiganaji wa Vietkong. Walishikiliwa kwa takriban wiki moja. Badala ya kukaa kimya wakisubiri hatima yao, waliomba ruhusa ya kupiga picha, na wakakubaliwa. Wakatoka na kitu kilichokuwa adimu mno: picha za maisha ya kila siku ya jeshi ambalo ulimwengu ulikuwa ukiliona zaidi kupitia macho ya maadui wake.

Kutokana na safari hizo aliandika kitabu, Der Tod im Reisfeld, yaani 'Kifo katika Shamba la Mpunga', kilichotoka mwaka 1980. Kiliuza zaidi ya nakala milioni moja, jambo la nadra kwa kitabu kisicho cha hadithi za kubuni. Kuanzia hapo Wajerumani walimjua kama mwandishi kadiri walivyomjua kama mtu wa runinga, na vitabu vyake vikafuatana karibu kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

KATIKA NDEGE YA KHOMEINI

Mwaka 1975 alirudi Paris kuongoza kituo cha ZDF. Oktoba 1978, mwanazuoni mmoja wa Kishia aliyefukuzwa Iraq alifika katika kijiji cha Neauphle-le-Château, si mbali na Paris, akapewa nyumba ya kuishi. Jina lake lilikuwa Ayatollah Ruhollah Khomeini. Mwanahabari aliyesomea Kiarabu na Uislamu Beirut, na ambaye ofisi yake ilikuwa mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alijenga uhusiano na wasaidizi wa kiongozi huyo wakati ambapo serikali nyingi za Magharibi zilikuwa bado zikiamini kwamba mfalme wa Iran, Shah, hangeng'oka.

Februari 1, 1979, Khomeini aliporejea Tehran kwa ndege ya shirika la Air France baada ya miaka zaidi ya 14 uhamishoni, Scholl-Latour alikuwa miongoni mwa wanahabari waliomo ndani. Hakuna aliyejua kama ndege hiyo ingeruhusiwa kutua au ingetunguliwa. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, msaidizi mmoja wa Khomeini, Sadegh Tabatabai, alimkabidhi bahasha safarini, akamwomba aihifadhi iwapo wangekamatwa. Walipofika salama aliirudisha, na baadaye akaelezwa kwamba ndani yake mlikuwa na rasimu ya katiba ya Jamhuri ya Kiislamu.

Kisa hicho kilimjengea jina kubwa. Pia kinaibua swali ambalo wanahabari huulizana hadi leo: anayehifadhi bahasha ya mwanasiasa bado ni mtazamaji tu, au amekwisha kuwa mshiriki?

KASHFA YA SHAJARA BANDIA

Mwaka 1983 uanahabari wa Ujerumani ulipatwa na fedheha kubwa. Mwezi Aprili jarida la Stern lilitangaza kwamba limepata shajara za Adolf Hitler, ambazo lilikuwa limezinunua kwa zaidi ya alama milioni tisa za Ujerumani. Wiki mbili hazikupita kabla ya wataalamu wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kubaini kwamba zilikuwa za kughushi, kazi ya mlaghai aitwaye Konrad Kujau. Wahariri wakuu walijiuzulu.

Wamiliki walimchagua Scholl-Latour kuwa miongoni mwa watakaolinusuru jarida. Wafanyakazi wa Stern, wengi wao wenye mwelekeo wa kushoto, waliandamana kwa kuikalia ofisi, wakihofia kwamba jarida lingegeuzwa kuwa la wahafidhina. Mwishowe aliingia ofisini, lakini kufikia 1984 alikuwa ameshaondoka katika kiti cha mhariri mkuu. Mtu aliyewazoea waasi wa misituni hakuzimudu siasa za chumba cha habari. Aliendelea kuwa katika uongozi wa kampuni iliyomiliki jarida hilo hadi 1988, kisha akawa mwandishi wa kujitegemea.

WASOMI WAMKOSOA

Kadiri alivyopata umaarufu ndivyo alivyoitwa kueleza kila jambo. Vita vya Ghuba vilipozuka mwaka 1991, uso wake ulionekana runingani karibu kila siku. Hapo wasomi wakasema inatosha. Mwaka 1993 kundi la wataalamu wa masuala ya Mashariki ya Kati, wakiongozwa na Verena Klemm na Karin Hörner, walitoa kitabu kizima cha kumpinga. Walidai kwamba aliuchora Uislamu kama kitu kimoja kisichobadilika, kinachoongozwa na ghadhabu na imani pekee, na kwamba alikuwa akirudia dhana za kale za Wazungu kuhusu Waarabu kwa kisingizio kwamba yeye alifika huko.

Lawama kama hizo zinaweza kutolewa kuhusu maandishi yake juu ya Afrika. Mwaka 1986 alichapisha Mord am großen Fluß, 'Mauaji kwenye Mto Mkuu', kuhusu robo karne ya uhuru wa Afrika. Mwaka 2001 akafuatisha Afrikanische Totenklage, 'Maombolezo ya Afrika', wakati vita vilivyoyahusisha majeshi ya Uganda, Rwanda, Zimbabwe, Angola na Namibia vilikuwa vikiendelea katika ardhi ya Kongo. Katika kitabu hicho aliyashutumu vikali mataifa na kampuni za kigeni zilizofaidika na madini ya bara hili. Lakini hata vichwa vya vitabu hivyo ni ushahidi. Afrika yake ni ya mauaji na kilio. Mkulima anayevuna, mwalimu anayefundisha na mama anayefungua kibanda chake alfajiri wanaonekana kwa nadra.

Alilaumiwa pia kwa kukubali kuandikia na kutuzwa na gazeti la mrengo wa kulia katika miaka yake ya mwisho. Wakati huohuo, Waarabu wengi walimheshimu, na kuanzia mwaka 2007 hadi kifo chake alikuwa rais wa Chama cha Wajerumani na Waarabu. Mtu huyo hakuingia kwa urahisi katika kapu lolote.

ALICHOKIONA MAPEMA

Haki itendeke: mara kadhaa alisema kweli wakati kweli haikupendwa. Aliipinga vita ya Marekani nchini Iraq ya mwaka 2003 kabla risasi ya kwanza haijafyatuliwa, akionya kwamba kumwangusha Saddam Hussein kungefungua mlango wa mapigano ya kimadhehebu. Aliwaambia Wajerumani kwamba jeshi lao halingeshinda Afghanistan. Alifariki miaka saba kabla ya Taliban kurudi Kabul, Agosti 2021.

Hakusita kusafiri hata alipopita umri wa miaka 80. Kitabu chake cha mwisho kuhusu Mashariki ya Kati kilitoka mwaka 2014, wiki chache baada ya kuzikwa kwake, na kumbukumbu za maisha yake, ambazo hakuwahi kuzimaliza, zilichapishwa mwaka 2015. Ufaransa ilikuwa imemtunukia nishani yake kuu ya Légion d'honneur.

SOMO KWA CHUMBA CHA HABARI

Waswahili husema kutembea kwingi ni kuona mengi. Maisha ya Scholl-Latour yanathibitisha methali hiyo na kuonyesha mpaka wake. Asingefika Kongo mwaka 1960, Wajerumani wangeijua Kongo kwa taarifa za Wabelgiji pekee. Asingejifunza Kiarabu, asingeitambua hatari iliyokuwa ikimkabili Shah. Hakuna kompyuta wala setilaiti inayoziba pengo la mwanahabari aliyekaa mahali kwa miaka na kuijua lugha ya wenyeji.

Lakini aliyekwenda kuangalia hageuki mwenyeji. Katika makala nyingi za zama zake, Mwafrika alionekana kwenye picha huku Mzungu akieleza picha hiyo ina maana gani. Hali imebadilika kwa kiasi fulani. Leo ARD ina kituo chake Nairobi kinachoripoti kuhusu nchi nyingi za bara hili, na watayarishaji, wapigapicha na watafiti Waafrika ni nguzo ya kazi ya namna hiyo. Deutsche Welle, idhaa ya Ujerumani iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1963, mwaka uleule Scholl-Latour alipoondoka Kongo, husikika kupitia sauti za wana wa Afrika Mashariki wenyewe.

Kongo, kwa upande wake, bado inadai maelezo. Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002 kwa sehemu yake katika kifo cha Lumumba, na Juni 2022 ikairudishia familia yake jino moja, mabaki pekee ya mwili wake yanayojulikana. Wanahabari wa kigeni waliokuwa Léopoldville siku zile wengi wamekwisha kufa. Kazi ya kusimulia yaliyotokea huko, na yanayoendelea kutokea Goma na Bukavu, sasa iko mikononi mwa wale ambao hawana ndege ya kuwarudisha kwao, kwa sababu kwao ni hapohapo.